Samaki wa Kuonyesha Mgeni

Jirani zangu wa kambi hii ya Dzaleka, sikilizeni, maana mambo haya hayako mbali na milango yenu.

Asubuhi hiyo Spès alikuwa akiosha mboga kwenye kijito kilicho chini ya bustani yake. Maji yalipita taratibu, na mtoto wake Kelly amelala mgongoni. Bustani ile ndiyo iliyowalisha. Posho ya kambi tunaijua sote, haifiki mwisho wa mwezi. Mara akamwona mumewe, Léonidas, anateremka na ndoo mbili za samaki wazima.

“Umebatoa wapi, Baba Kelly?”

“Kwa bwawa ya Hubert, ule mufugaji wa samaki. Mgeni anafika saa ine.”

Léonidas alisimamia mradi wa kurudisha samaki kijitoni. Mwaka mzima yeye na wenzake walipanga mawe kukatiza maji, ili samaki wapate vidimbwi vya kutagia. Lakini mawe waliyabana mno. Tope likajaa nyuma yake, mayai yakafukiwa, samaki wakaisha. Na sasa anakuja mtaalamu kutoka Lilongwe, asiye mtu wa mradi wala rafiki wa yeyote ndani yake. Kazi yake kupima na kusema alichokikuta.

Jeannette, jirani yao aliyekuwa akifua hapo kando, akacheka. “Ee, hata samaki banavalishwa nguo za Noeli! Na ile matope, utaivalisha nini?”

“We nyamaza! Mgeni haonyeshwe nyumba muchafu.”

Tope alikuwa amelizoa sehemu moja tu, akawamwaga hapo samaki wa Hubert, na hapo ndipo alipompeleka mtaalamu, Madamu Amanda. Akapima maji, akageuza mawe, akahesabu samaki. Kisha akamgeukia Spès.

“Mama, wewe uko hapa kila siku. Kule juu maji yakoje?”

Spès alilijua tope lile kama anavyojua sufuria zake. Akamtazama mumewe. Mke gani anamwaibisha mume mbele ya mgeni?

“Ni sawa tu, madamu.”

“Zikomo, asante mama,” akasema Amanda, akaandika.

Mvua za Januari zilipokuja, maji yalikuta tope na mawe vimeziba njia, yakapinda kuingia bustanini. Kufika adhuhuri hakuna maharage, hakuna hata udongo.

Amanda alirudi, akasimama pale akitikisa kichwa. “Ningeonyeshwa, ningesema mfungue mawe. Kazi ya siku mbili, basi.”

Léonidas aliondolewa kazini. Akaenda Kawale, kule Lilongwe, kubeba mizigo sokoni, na hadi leo hajatuma neno. Spès anaomba majani ya maboga kwa Jeannette. Kelly amekonda, jamani, mbavu zinahesabika. Akilia njaa, mama yake anamchemshia majani yale yale.

FUNZO

Anayekuja kupima kazi yetu bila kuwa upande wa mtu, tusimfanye mgeni wa kupambiwa. Tumpeleke kwanza pale pabaya. Aibu ya siku moja inapita. Na wewe mama, ukiulizwa ulichokiona, sema, hata kama mumeo anakukazia macho. Anayekula kwenye bustani ile ni mtoto wako.