Jina ni la Mbodze

Mimi Mwanaesha nakodisha masufuria ya harusi hapa Kibokoni. Miaka mingi nilikuwa na desturi moja: ukichukua masufuria, waniachia kipande, kitambulisho chako cha serikali. Nakitia ndani ya kopo la biskuti, basi. Sikujua kwamba naweka riziki za watu mle.

Mwaka wa tisini na saba, Mbodze binti Tsofa alikuja kukodi masufuria manne kwa harusi ya nduguye. Akaacha kipande kama kawaida.

"Bi Mwanaesha, nimepata kazi!" akasema. "Jina langu limebandikwa pale ghala la chai. Jumatatu naripoti, na kipande mkononi."

Miaka mitatu alikuwa akitafuta kazi, huyu. Mumewe amefariki, watoto ni wawili. Nikaitangaza habari ile mbele ya wateja wote. Mdomo wangu huu!

Jumapili asubuhi akaja mwanamke mmoja, kajitanda buibui. "Nimetumwa na Mbodze. Masufuria yaja jioni, lakini kipande anakitaka mapema."

Nikampa. Hata jina sikumuuliza.

Jioni Mbodze akaleta masufuria, ameyasugua yang'aa. "Kipande changu, Bi."

"Si ulituma mtu?"

"Mimi? Sijatuma mtu!"

Nikalimwaga kopo lote mezani; chake hakimo.

Jumatatu tulikwenda naye ghalani. Karani akatazama orodha. "Mbodze Tsofa ameshaingia. Kipande chake nimekiona."

"Mbodze ni mimi!"

"Haya, lete kipande."

Angekitoa wapi? Picha ya kipande kile ilikuwa imefifia, na karani hakuitazama vizuri. Tukatolewa nje.

Mimi nililia. Mbodze hakulia. "Jina ni langu," akasema. "Silitoi kwa mtu." Wallahi, nilimwonea fahari.

Tukaenda kwa Kasyoka, karani wa wakili, mpangaji wa ghorofa ya juu kwangu. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Kwanza, Bi Mwanaesha, kipande si rehani. Ndani yake mna jina la mtu, kwao, siku aliyozaliwa na alama ya dole gumba. Ukimpa mtu mwingine, umemtoa mwenyewe."

"Nimekosa," nikasema.

"Sheria ya kulinda habari zetu zilizo mikononi mwa watu bado hatuna. Lakini kujifanya mtu mwingine kwa kipande chake ni kosa, na anayeibiwa ana pa kushtaki. Mbodze, nenda polisi leo hii, uandikishe. Wakupe karatasi yao, uende nayo ofisi ya vitambulisho. Alama za vidole vyako ziko kwao. Picha hufifia, dole halibadiliki."

Mbodze alikwenda kote kwa miguu. Polisi wakamwambia arudi kesho. Akaketi kwenye benchi mpaka wakaandika. Nami nikaandikisha taarifa yangu, na aibu yangu yote.

Wiki ya pili tulirudi ghalani na polisi, pamoja na afisa wa vitambulisho aliyeshika fomu ya zamani ya Mbodze. Meneja, Bwana Ronald, akamwita yule aliyekuwa ndani. Nikamjua mara moja: ndiye aliyekuja Jumapili, na kumbe alikuwa dukani kwangu siku ile nilipotangaza.

Wino ukawekwa mezani. Mbodze akaweka dole lake, akalibonyeza. Mwenzake akaficha mkono ndani ya buibui.

Afisa akalinganisha alama. "Mbodze ni huyu."

Yule mwingine akachukuliwa na polisi. Bwana Ronald akaomba radhi, akamwambia Mbodze aanze kazi kesho yake.

Mimi kopo la biskuti nimelitupa. Sasa mteja huja na jirani wa kumdhamini, na kipande chake hakitoki mkobani. Na mtu akinambia ametumwa, namwambia, "Mwenyewe na aje."

Asubuhi ile ya kwanza nilimsindikiza Mbodze mpaka langoni. Kazi si yangu, lakini sikuweza kuondoka. Nikasimama nje ya ukuta, nikamsikia msimamizi akiita majina, moja moja.

"Mbodze Tsofa!"

"Niko!"

Sauti yake ilifika mpaka barabarani. Nikasema alhamdulillahi kwa nguvu, wapita njia wakanishangaa.