Baiskeli ya Raissa Yarudishiwa Kidhibiti Mwendo

Kila siku baada ya sala ya alfajiri, nyumba ya Hussein mjini Gitega ilinukia mkate. Hussein alikuwa mwoka mikate, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Mke wake, Raissa, ndiye aliyepeleka mikate madukani. Aliipanga kwenye kreti, akaifunika kwa kitambaa, kisha akapanda baiskeli yake ya umeme na kushika barabara ya Mutoyi.

Ilikuwa baiskeli ya milimani, yenye matairi mapana. Raissa alikanyaga pedali, na mota ndogo ikamsaidia. Vilima vilivyowatoa wengine jasho, yeye alivipanda huku akiimba.

Lakini mwaka huo alitokea mwoka mikate mwingine, mwenye pikipiki. Raissa alipofika Mutoyi, kwenye duka la Fabiano, alikuta rafu zimeshajaa.

"Mama, mikate yako iko mizuri," Fabiano alimwambia. "Lakini watu wananunua ile inafika kwanza."

Raissa alirudi nyumbani na nusu ya mikate. Njiani alikazia macho kioo kidogo cha baiskeli kinachoonyesha mwendo. Kila alipofika kilomita ishirini na tano kwa saa, mota iliacha kumsaidia. Akaona kwamba hapo ndipo shida yake ilipo.

Juma lililofuata alikwenda Muyinga kumsalimia mama yake. Baiskeli ilifungwa juu ya basi. Kaka yake, Radjabu, alikuwa fundi wa baiskeli na pikipiki karibu na soko la Muyinga.

"Kaka, hii baiskeli iko inanibana," Raissa alimwambia. "Ikifika ishirini na tano, inaniacha."

Radjabu alicheka. "Ile ni limiteri, kidhibiti mwendo. Kunywa chai yako. Kabla umalize kikombe, mi nitakuwa nimeshaitoa."

Na kweli aliitoa. Raissa alirudi Gitega, na kwa siku tisa alifika Mutoyi wa kwanza, na mikate yote ikaisha. Furaha yake haikuwa na kifani.

Hata hivyo, siku moja Hussein aliinama karibu na breki, akanusa. "We Raissa, mbona freni zinanuka hivi?"

"Ni vumbi tu," Raissa alijibu.

Hakumwambia kwamba betri nayo ilikuwa ikiisha mapema. Zamani ilimrudisha mpaka mlangoni. Sasa ilimwacha kwenye kilima cha mwisho, akaisukuma baiskeli nzito kama gunia la mahindi.

Siku ya kumi, kwenye kona, mkulima mmoja alikuwa akivuka barabara. Jina lake Kasiano. Alisukuma baiskeli iliyobeba ndizi. Raissa alibana breki kwa nguvu zake zote. Baiskeli haikusimama. Iligonga ndizi, na wote wawili wakaanguka. Mikate ikatawanyika mtaroni.

"Pole, baba! Pole sana!" Raissa alilia.

"Mi niko muzima," alisema Kasiano. Lakini mkono wake ulikuwa umeanza kuvimba.

Askari wa barabarani alifika upesi. Aliitwa Anisia. Wazazi wake walikuwa wakimbizi Tanzania, naye alikulia huko, kwa hiyo alisema Kiswahili cha huko. Kwanza alimfunga Kasiano mkono kwa kitambaa, akamtafutia gari la kumpeleka kituo cha afya. Kisha akaikagua baiskeli.

"Dada, ulikuwa unakwenda mwendo gani?"

"Kama arobaini, afande."

"Kibandiko hiki kinasema ishirini na tano. Nani amekitoa kidhibiti?"

Raissa angeweza kusema kwamba hajui. Lakini aliukumbuka ule mkono unaovimba.

"Mi ndiye niliomba kitolewe," alisema.

Anisia alichuchumaa kando ya baiskeli. "Asante kwa kusema kweli. Sikiliza basi. Chombo hiki kinahesabiwa baiskeli kwa sababu mbili. Kinakusaidia pale tu unapokanyaga, na mota inaacha kusaidia mwendo ukifika mpaka uliowekwa. Ukiuondoa mpaka huo, mbele ya sheria umeanza kuendesha pikipiki. Je, una leseni, ile permi?"

"Hapana."

"Namba? Bima, yaani asiransi?"

"Sina."

"Basi ukimuumiza mtu, huna wa kukusaidia. Nchi nyingi zina mpaka kama huu, ingawa si zote zimeuweka mahali pamoja. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitu, njoo utuulize. Na tazama breki hizi. Zilipimwa kwa mwendo wa baiskeli. Umeziunguza."

Siku hiyo baiskeli ilibaki kwa polisi. Raissa alimpigia simu kaka yake, akamweleza yote.

Kesho yake Radjabu alifika kutoka Muyinga na mfuko wake wa vifaa. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Afande, mi nilijua limiteri ni ya kuwabana watu tu," alisema.

Alirudisha kidhibiti mbele ya Anisia, akabadilisha breki. Alipomaliza, hakuinuka mara moja.

"Nimewatolea wengine watatu," alisema polepole. "Ninarudi kuwatafuta." Anisia akamrudishia Raissa baiskeli yake.

Jioni Raissa na Hussein walikwenda kumwangalia Kasiano. Walimpelekea mikate. Mkono ulikuwa umeteguka, lakini haukuvunjika. Hussein alimwahidi kwamba yeye mwenyewe atamsaidia kubeba ndizi zake mpaka apone.

Kasiano aliula mkate kwa raha. Kisha akamuuliza Raissa, "Mbona ulikuwa unakimbia hivyo?"

Raissa alimweleza habari za pikipiki na za rafu zilizojaa.

"Eh! Baiskeli yako si ni ya mlima?" Kasiano alishangaa. "Sasa unafuata barabara ya nini? Barabara inazunguka kilima chote. Nyuma ya shamba langu iko njia, inakata moja kwa moja. Pikipiki haiwezi kupita pale, mawe iko mengi."

"Na mi nitapita?"

"Utapita. Ila pale mtoni wamama wanachota maji. Ukifika, shuka, usukume."

Asubuhi iliyofuata Raissa alifuata njia hiyo. Alipanda taratibu katikati ya migomba. Mtoni alishuka, akawaamkia akina mama, akasukuma baiskeli mpaka ng'ambo. Hakuvuka mwendo wa ishirini na tano hata mara moja.

Alipofika Mutoyi, Fabiano alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango wa duka. Rafu zilikuwa tupu. Raissa alifunua kreti, na harufu ya mkate wa moto ikajaa dukani.

"Mama, leo umeruka na ndege?" aliuliza Fabiano.

"Hapana," Raissa alijibu, akicheka. "Nimepita kwa Kasiano."