Dizeli ya Pipa la Ndani

Kila siku ya majira ya baridi, Kunnei akirudi kutoka shule alikuwa na kazi yake kabla ya kunywa chai. Aliingia katika gereji ya magogo nyuma ya nyumba yao, akachochea jiko, akaongeza kuni, kisha akalizunguka lori la mama yake akigonga magurudumu kwa kijiti ili kusikia kama yana upepo wa kutosha. Lori lilipaswa kulala penye joto. Likilala nje usiku mmoja tu, asubuhi lingekuwa gumu kama jiwe.

Mama yake, Matriona, alikuwa dereva wa shule ya kijiji cha Tumul. Nyuma ya kichwa cha lori lake kulikuwa na chumba cha abiria chenye madirisha madogo, mabenchi na jiko la chuma. Watoto walipenda kusafiri humo kuliko kitu kingine chochote.

Ijumaa moja, Kunnei hakuweza kutulia hata kidogo. Kesho yake timu ya shule ingekwenda mjini kwenye mashindano ya kuvutana fimbo. Katika mchezo huo wawili huketi wakitazamana, nyayo zao zikiwa kwenye ubao mmoja, wakashika fimbo moja na kuvutana mpaka mmoja anyang'anywe. Kunnei alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na mikono yenye nguvu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchaguliwa.

"Mwanangu," mama yake alikuwa amemwambia asubuhi, "leo tangi lijae. Chota kwenye pipa la nje, lile jekundu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Lakini pipa jekundu lilikuwa limefukiwa na theluji mpaka shingoni, na pampu yake ya mkono ilikuwa nzito kuizungusha katika baridi. Ndani ya gereji, karibu na mlango, palikuwa na pipa jingine. Lilikuwa na dizeli iliyobaki tangu kiangazi, wakati wa kukata nyasi, dizeli ya trekta. Kunnei alisimama akiyafikiria mapipa yale mawili, na mara akasikia sauti ya Erel, mwanafunzi mwenzake, kutoka barabarani.

"Kunnei! Unalilisha hilo lori au unalibembeleza lilale? Mazoezi yanaanza! Au umeshaogopa wasichana wa mjini?"

"Nani aogope? Nakuja!"

Dizeli ni dizeli, alijiambia. Harufu ni ileile. Akachukua mpira, akaufyonza, na mafuta ya pipa la ndani yakatiririka vizuri mpaka tangi likajaa. Kisha akatoka mbio.

Jioni mama yake alimuuliza, "Umejaza?"

"Nimejaza, Mama."

Kwani si tangi lilikuwa limejaa kweli?

Asubuhi injini iliwaka mara moja. Gereji ilikuwa na joto, na lori lilinguruma kwa raha. "Msikieni!" Mama alisema akicheka. "Leo limeamka na furaha kama ninyi." Nje ilikuwa nyuzi arobaini na nane chini ya sifuri, na pumzi za watoto zilikuwa zikiganda kwenye kope zao. Waliingia wakisukumana, wakiwa wamevaa manyoya na buti za sufu, na Mwalimu Gavril, mkufunzi wao, akafunga mlango.

Barabara ya majira ya baridi ilipita juu ya mto Aldan, juu ya barafu nene. Ndani ya lori ilikuwa sherehe. Waliimba, wakagawana mikate ya maziwa, wakavutana fimbo sakafuni huku lori likiwarusha huku na huku. Erel alimshinda kila mvulana, kisha akamgeukia Kunnei.

"Wewe njoo. Nitakuvuta kwa mkono mmoja."

"Mkono mmoja unautaka wa nini? Wa kujifutia machozi?"

Wote waliangua kicheko. Wakashika fimbo, wakaweka miguu. Mwalimu Gavril aliinua mkono ili kuwaanzisha, na papo hapo lori likakohoa.

Likakohoa tena. Likavuta, likalegea, likavuta, mwisho likasimama. Ukasikika mlio wa kuni za jiko tu.

Mama aliteremka. Kunnei alitoka nyuma yake, na baridi ikamshika usoni kama kofi. Pande zote ulikuwa mto mweupe, na mbali kidogo kingo zenye misitu. Hakuna gari lililoonekana. Mwalimu alijaribu simu yake, lakini huko mtoni hakukuwa na mtandao.

"Dizeli haifiki kwenye injini," Mama alisema baada ya kufungua boneti. "Kuna mahali panaingiza hewa. Juzi Nikifor ndiye aliyenibadilishia chujio la mafuta. Bila shaka hakulikaza."

Erel alikuwa amesimama mlangoni. Nikifor alikuwa babu yake.

"Babu yangu hukaza kila kitu, Mama Kunnei," alisema.

"Safari hii hakukaza. Mzee macho yamechoka, nami nimemwachia kazi isiyo yake." Mama hakuinua hata kichwa. "Mwalimu, kuni zitatosha?"

"Za safari tu. Tukikaa hapa, hazitoshi."

"Basi itabidi niifungue pampu ya injini. Ni kazi ndefu, na injini inapoa."

Erel aligeuka akarudi ndani. Kijana yule aliyekuwa akichekesha kila mtu alijikunja kwenye kona ya benchi na kuutazama ukuta. Kunnei alimwona kupitia mlangoni. Sasa alijua. Alikumbuka pipa la ndani, alikumbuka mama yake akisema mara nyingi kwamba mafuta ya kiangazi huganda baridini. Alikuwa amelisikia jambo hilo tangu utotoni bila kulisikiliza.

Akinyamaza, hakuna atakayejua. Mama angefungua pampu, angetafuta, labda lingepita gari la kuwasaidia. Lawama ingebaki kwa Babu Nikifor. Na je, gari lisipopita?

Mama aliweka spana kwenye nati ya kwanza ya pampu.

"Mama."

"Ingia ndani, utagandisha pua."

"Mama, nilijaza dizeli ya pipa la ndani."

Spana ilisimama. Mama aligeuza shingo polepole. "Ile ya trekta?"

"Ndiyo."

"Tangi zima?"

"Zima. Theluji ilikuwa nyingi kwenye lile jekundu, na wenzangu walikuwa wananiita... Babu Nikifor hana kosa, Mama. Ni mimi."

Mwalimu Gavril alikohoa. Mama alimtazama binti yake, mvuke ukimtoka puani. Kunnei alitaka ardhi ipasuke. Lakini Mama alichomoa spana kwenye pampu na kuihamishia kwenye chujio.

"Haya," alisema. "Mengine tutaongea baadaye. Sasa angalau najua pa kushika. Mwalimu, toa watoto wakubwa, wawili wawili, wakalete kuni kule ukingoni. Wakisikia vidole vinakufa ganzi, warudi mara moja. Kunnei, shika beseni. Erel! Njoo hapa, nakuhitaji!"

Chujio lilipofunguliwa, ndani yake kulikuwa na ute mweupe mzito, kama mafuta ya supu iliyolala. Mama aliwaonyesha. "Mnaona? Hivi ndivyo ilivyo kwenye mabomba yote. Injini ina njaa, na chakula kimeganda kooni. Kunnei, lipeleke karibu na jiko. Karibu, siyo juu yake! Ligeuzegeuze mpaka hicho cheupe kiishe chote."

Kunnei alikimbia nalo. Aliligeuza mbele ya jiko, mikono ikiungua upande mmoja na kuganda upande mwingine. Ute ulianza kulainika, ukawa maji, ukachuruzika ndani ya beseni. Mwalimu alizileta betri mbili za lori ndani na kuziweka sakafuni zisipoteze nguvu. Nje, Mama alivuta dumu la mafuta ya taa lililokaa chini ya kiti chake siku zote, akamimina mengi kwenye tangi ili yakate ule ute.

Watoto walirudi wakiburuta matawi makavu, nyusi zao zimekuwa nyeupe. "Tumepata mti mzima!" walipiga kelele. "Umeanguka wenyewe!" Jiko lilinguruma. Makaa yalipokuwa mekundu, Mama aliyachota kwa koleo na kuyaweka kwenye sinia mbili za chuma.

"Hapa hakuna mtoto atakayesogea," alisema. "Makaa tu, bila mwali, na mimi peke yangu ndiye nitakayeyagusa." Akasukuma sinia moja chini ya tangi na nyingine chini ya injini, ambako oili nayo ilikuwa imeanza kuwa nzito. Kisha wakateremsha turubai pande zote mpaka chini kwenye barafu, joto lisitoroke, naye akapiga magoti hapohapo akiyachunga.

Chujio likarudishwa. Mama alilijaza mafuta ya taa na kulikaza, kisha akamwonyesha Erel pampu ndogo ya mkono kando ya injini. "Bonyeza mpaka uisikie ngumu. Usichoke."

Erel alibonyeza. Kunnei alisimama karibu naye akimmulikia tochi chini ya boneti. 

"Nilimwacha mama yangu amseme babu yako," Kunnei alisema. "Nisamehe."

Erel aliendelea kubonyeza. "Ungechelewa kidogo tu, ningelia," alisema. "Halafu machozi yangeganda, ningeingia mashindanoni na vipande vya barafu mashavuni." Akaacha. "Imekuwa ngumu! Mama Kunnei, imekuwa ngumu!"

Makaa yakaondolewa, betri zikarudishwa. Mama alipanda kwenye usukani. Watoto walijipanga barafuni, wameshikana mikono bila kujijua.

Stata ikalia. Injini ikazunguka kwa uzito, mara moja, mara mbili, ikakata.

"Bado," Mama alisema. "Erel, bonyeza tena."

Stata ikalia tena. Injini ikakohoa, ikatoa wingu jeupe la moshi, ikakohoa tena, ikashika! Ilitetemeka, ikapiga kwa kusitasita, kisha ikaanza kunguruma kwa mpangilio. Kelele za watoto zilisikika mpaka ukingo wa pili. Mwalimu Gavril alirusha kofia yake juu, ikaangukia kwenye theluji, akaikimbilia akishika masikio yake.

"Ingieni!" Mama alipaza sauti. "Sasa hatuzimi mpaka mjini!"

Walipofika mjini, waliingia ukumbi wa mashindano wakikimbia, wakati majina ya wasichana yalikuwa tayari yanaitwa. "Tumul wapo?" msimamizi aliuliza. "Tupo!" walijibu wote pamoja, kwa sauti iliyowafanya watu wageuke. Kunnei alivua koti, akakaa, akaweka nyayo zake kwenye ubao. Msichana wa mbele yake alikunja pua.

"Wewe unanuka lori."

"Nimelipikia chakula," Kunnei alisema, na mwamuzi akapiga makofi kuwaanzisha.

Alivuta kwa mgongo, kwa miguu, kwa kila alichokuwa nacho. Fimbo ikaja kwake. Akamshinda na wa pili. Wa tatu alikuwa mrefu kuliko yeye, akamwinua pamoja na fimbo kama anayevuta samaki, na Kunnei akaanguka chali akicheka. Erel alikuwa ameshangilia mpaka sauti imemkauka, na yeye mwenyewe alipata medali ya shaba.

Kabla ya kurudi, Mama alitafuta mahali pa kununua dizeli ya majira ya baridi. Kunnei alisimama kando yake wakati tangi likijazwa.

"Mama, umenikasirikia?"

"Sana," Mama alisema. "Watoto wa watu wote wale walikuwa mgongoni kwangu, juu ya barafu. Wiki nzima utachota dizeli ya pipa la nje, hata siku ambazo lori haliendi popote."

Kunnei aliinamisha kichwa.

"Lakini nitazame. Gari likizimika barabarani, injini haina mdomo wa kusema inaumwa wapi. Dereva anabahatisha, na katika baridi kila anapokosea anapoteza joto. Ningefungua ile pampu, saa hizi tungekuwa bado mtoni. Neno lako ndilo lililonionyesha pa kushika. Ila jana jioni nilikuuliza swali, nawe ukanijibu nusu. Ungenijibu lote, tungeyatoa mafuta yale gerejini, penye joto, huku tukinywa chai. Ukipewa kazi, ifanye kama ulivyoambiwa. Ukiiharibu, sema haraka, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Vizuri. Mimi nami nimemsema mzee wa watu mbele ya mjukuu wake bila kuwa na uhakika. Nisubiri."

Akafungua mlango wa chumba cha abiria, akapanda akasimama katikati ya watoto wote.

"Erel," alisema, "nilisema kwamba babu yako hakukaza chujio. Lilikuwa limekazwa barabara. Nimekosea, naomba unisamehe."

Erel aliona haya mpaka masikio. "Hakuna neno, Mama Kunnei. Nikimwambia, atacheka tu."

"Usimwambie wewe," Kunnei alisema kutoka mlangoni. "Tukifika nitakwenda kwake mimi mwenyewe."

"Na mimi nitakusindikiza," Mama alisema. Akafunga mlango, akarudi kwenye usukani, na lori likaondoka kuelekea mtoni.