Gitaa Lililonyamaza Jukwaani

"Fundi, umeniaibisha mbele ya watu!"

Kijana mpiga gitaa alilaza gitaa lake la umeme mezani, katikati ya redio zilizofumuliwa. Jana alikuwa kwenye majaribio ya bendi kubwa. Wimbo wa pili, sauti ikakatika, akabaki anakuna nyuzi kama mwenye upele. Kiongozi wa bendi alimpa nafasi ya mwisho: leo jioni.

Fundi hakuinua hata nyusi. Dada huyu alirithi karakana kwa marehemu baba yake, na kila aliyeingia akiuliza "fundi mwenyewe yuko wapi?" alijibiwa, "Unaongea naye."

"Salamu kwanza," alisema.

"Habari za asubuhi. Si uliniambia limepona?"

"Nilikwambia, na narudia. Kaa."

Akakaa. Gitaa lile alilinunua mtumba, likinguruma kama jenereta. Fundi alibadilisha swichi na kulehemu upya waya wa ardhi, ule unaozuia mngurumo. Wakati wote wa matengenezo kijana alipita kulitazama, hata asipokuwa na la kuuliza, akaondoka akipiga mluzi. Na fundi, tuseme ukweli, alianza kujipaka mafuta mazuri kabla ya kufungua karakana. Ndiyo maana lawama hii ilimchoma.

Akafungua kifuniko cha nyuma, akachungulia, akaguna.

"Njoo uone. Lehemu yangu hii hapa, inang'aa. Ulioachia ni huu waya unaopeleka sauti kwenye spika. Na haukukatika wenyewe. Umekatwa nusu, jukwaani ukamalizikia."

"Umekatwa na nani? Tangu nilichukue hapa lilikuwa nyumbani tu, hadi jana!"

"Tazama skrubu zilivyochubuka. Mimi natumia bisibisi. Nani kwenu hufungua vitu kwa kisu?"

 Kijana akatoa simu, akampigia mama yake, akaweka sauti ya nje.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Umeshafika kwa fundi?"

"Nimefika. Mama, uligusa gitaa langu?"

"Mimi? Gitaa nalijulia wapi?"

"Mama!"

"Haya, niligusa! Nilidhani utalijaribu hapa nyumbani, uone limekufa, urudi kwake. Tangu yule mchumba wako akuache ulikuwa unakula kama mgonjwa. Ulipoanza kwenda kwa huyo binti, ukawa unaimba bafuni. Gitaa likapona, ukarudi kununa! Ningefanyaje?"

"Mama, fundi anakusikia."

"Uwii!"

"Shikamoo, mama," alisema fundi.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Hivi... umeolewa?"

"Bado, mama."

"Basi nakata simu."

Ikakatwa kweli. Kijana alitazama sakafu, masikio yakiwaka moto.

"Nisamehe na mimi. Nilikulaumu bila kuuliza."

"Imeniuma. Usirudie."

"Sirudii."

"Haya, shika hapa. Usitikisike."

Fundi akatoa waya ule wote, akaweka mpya. Moshi mwembamba ukapanda, nyuso zao zikiwa karibu kuliko kazi ilivyohitaji. Alipochomeka gitaa kwenye spika, sauti ikatoka nene, safi. Muuza viatu wa jirani akapiga makofi.

"Nenda kwenye bendi yako."

Kijana akafika mlangoni, akasita.

"Na likiharibika tena?"

"Halitaharibika, kazi yangu naijua. Ukitaka kuniona, njoo useme umenifuata mimi. Mimi sijui kuzunguka mbuyu: nakupenda. Wewe kapige kwanza, utanijibu ukitulia."

Kijana nusura aangushe gitaa.

Jioni, fundi akifunga karakana, ujumbe ukaingia:

"Wamenichukua! Walitaka nianze kesho, nimewaambia kesho nina shughuli."

"Shughuli gani?"

"Nakupenda. Nakuja kwenu na mama."

Alisoma mara mbili, akaandika: "Karibuni." Kisha akapita moja kwa moja kwa mjomba wake, aliyemlea tangu msiba wa baba.

"Mjomba, kesho usitoke. Kuna wageni wanakuja kwa ajili yangu."

"Ahaa! Kijana mwenyewe anafanya kazi gani?"

"Mpiga gitaa."

"Mpiga gitaa? Atakulisha nini, nyimbo?"

"Mjomba, kazi ninayo. Huyu nampenda."

Mjomba alimtazama, akacheka hadi akakohoa, akaenda kutafuta wembe anyoe ndevu.