Shingo Mikononi mwa Mshukiwa

Mvua iliwashukia watu sokoni bila hodi. Kibaraza cha muuza viatu, ambacho siku nyingine hakitoshi watu watatu, kikabeba ishirini, na katika kubanana huko mpelelezi akajikuta uso kwa uso na mwanamke mwenye gauni la kijani lililoloa mabegani, amekumbatia kibegi cha ngozi kama mtoto mchanga.

Mwanamke akamtazama kidevuni, akarudia kutazama, akashindwa kujizuia.

"Samahani kaka yangu. Aliyekunyoa, mna ugomvi?"

"Nimejinyoa mwenyewe."

"Basi patana na nafsi yako."

Muuza viatu akacheka mpaka akaangusha ndara. Mpelelezi naye akacheka, jambo ambalo wenzake kituoni wangelilipia kiingilio. Wenzake walimwita Kinyonga, kwa mwendo wake wa taratibu na macho yasiyotulia. Aliyekuwa mke wake aliondoka akisema amechoka kuwa mke wa pili, wa kwanza ni kazi.

"Kwani wewe kinyozi?"

"Mwanamke hawezi?"

"Sijasema."

"Uso wako umesema. Nyuma ya duka la vioo, mlango wa bluu. Na wewe unafanya nini?"

"Kazi za ofisini. Makaratasi tu."

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo kama chawa. Ndiyo tabia ya chawa, humwoni mpaka aanze kuwasha.

Kesho yake alikuwa kwenye kiti cha mlango wa bluu. Kinyozi akamlaza kichwa nyuma, akamfunika uso kwa taulo la moto, kisha akampaka povu kwa vidole badala ya brashi. Wembe ulipopanda kooni, mpelelezi alisikia pumzi ya mwanamke sikioni na marashi ya karafuu shingoni mwake.

"Mbona umekaza shingo? Unaogopa?"

"Kidogo."

"Vizuri. Asiyeogopa hutikisika."

Wiki hiyo alinyolewa mara tatu, ndevu zenyewe hazijapata hata nafasi ya kuota. Wiki ya pili kinyozi alifunga mlango saa tisa mchana, akageuza kibao, akamwambia, "Leo hakuna cha kunyoa, mpenzi. Tusidanganyane." Nyuma ya saluni palikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja, na pazia jepesi lililopitisha jua. Yaliyobaki ni ya pazia.

Dada yake kinyozi akaanza kumwita shemeji kwenye simu. "Shemeji, umemlisha nini mdogo wangu? Siku hizi anaimba akifagia!"

Kisha faili likatua mezani.

Mwenye saluni mmoja mzee, mtu aliyemfundisha kinyozi kazi, alikutwa amekufa kwenye kiti chake mwenyewe, amekatwa koo. Pembeni palikuwa na mpini wa wembe uliozungushiwa uzi mwekundu. Uzi ule mpelelezi aliufahamu, maana vifaa vyote vya mlango wa bluu vilizungushiwa uzi huo. Kinyozi aliuacha mpini ule mwaka jana alipogombana na mzee mbele za watu na kwenda kujitegemea. Mdogo wa marehemu aliapa kwamba alimwona mwanamke yule akitoka saluni mchana wa mauaji.

Hapo mpelelezi alipaswa kusimama na kusema, "Mkuu, huyu namjua, mpe mwingine." Hakusema. Alijiambia kuwa akimwachia mwingine, mwanamke ataingizwa ndani kabla hajaulizwa. Ilikuwa kweli. Kweli nyingine, ambayo hakujiambia, ni kwamba alitaka kujua mwenyewe amelala na nani.

Akarudi kunyolewa, safari hii na maswali mfukoni.

"Yule mzee aliyekufundisha, mligombana nini hasa?"

"Alinipenda kama binti yake, akataka nibaki binti mpaka nizeeke." Sauti yake ikalegea. "Nilikuwa najipanga kwenda kumwomba radhi. Nimechelewa. Mbona leo unauliza kama…"

Simu ya mpelelezi, aliyoiweka mbele ya kioo, ikalia. Mikono yake ilikuwa chini ya shuka la kunyolea. Kinyozi, kwa wema tu, akaibonyeza na kuiweka kwa sauti kubwa.

"Kinyonga! Huyo mshukiwa wako kinyozi amefunguka? Mkuu anataka tumkamate leo hii!"

Kwenye kioo walitazamana. Shavu moja lilikuwa safi, la pili povu tupu. Wembe ulikuwa umetulia palepale, juu ya mshipa.

"Makaratasi," kinyozi akasema polepole.

"Nisikilize, mpenzi…"

"Usiniite. Na usimeze mate, utajikata." Akauondoa wembe shingoni, akauchomoa kwenye mpini, akautupa. "Kaa hivyohivyo. Sijawahi kumwachia mtu shavu moja."

Akachukua wembe mpya, akauvunja katikati ungali ndani ya karatasi yake, akatia nusu kwenye mpini. Hakukosea hata kwa hasira ile, kwa vile vinyozi wote waliopita kwa mzee yule hufanya hivyo kwa kila mteja, hata wakiwa usingizini. Mpini hauchukui zaidi ya nusu.

Mpelelezi akatoa macho. Mpini uliokutwa kwa marehemu ulilazimishiwa wembe mzima, makali ya pili yamejitokeza nje, upande wa kushika. Aliyeutia hakuwa mtu wa kazi ya unyozi. Na aliyeukandamiza vile lazima alijikata mwenyewe. Mdogo wa marehemu alitia dole gumba la kushoto kwenye maelezo yake, maana mkono wa kulia ulikuwa na bandeji. Alisema amekatwa na kopo.

"Nimemaliza," kinyozi akasema. "Toka."

Akatoka mbio. Mwanamke aliona mgongo tu, akauelewa alivyouelewa.

Kituoni Mkuu alimsikiliza hadi mwisho. "Umejuaje wanavyovunja wembe?"

"Nimenyolewa naye."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu kama mteja. Baada ya hapo sikuhesabu, Mkuu."

Mkuu akavua miwani. "Ungelinyamazia hilo la mwisho, ungebaki na cheo."

"Ningenyamaza, wakili wa yule muuaji angelichimbua, na kinyozi angerudi kuwa mshukiwa."

Lakini gari la kwenda kumkamata lilikuwa limeshaondoka. Kinyozi alilala mahabusu siku mbili, vifaa vyake vyote vikachukuliwa, hadi mdogo wa marehemu alipofunguliwa bandeji na kukiri kwamba aliitaka saluni ya kaka yake. Mpelelezi alinyang'anywa faili na cheo, akapelekwa chumba cha vielelezo kupanga vitu vya ushahidi kwenye rafu. Alimpigia kinyozi simu kila siku. Siku moja ikapokewa na dada yake.

"Nilikuwa nakuita shemeji," alisema dada mtu. "Sasa nikuite nani?"

"Niite unavyotaka, dada. Mwambie tu samahani."

"Mwambie mwenyewe. Mimi si redio."

Mwezi wa tatu tangu siku ile, asubuhi, kinyozi akasimama dirishani pa chumba cha vielelezo, kilemba cha njano, uso mkavu, kaja kuchukua vifaa vyake. Mpelelezi akavitoa kimoja kimoja, akamwonyesha pa kusaini. Mwanamke hakusaini.

"Leo nauliza mimi. Ukidanganya nitajua."

"Uliza."

"Siku ile ya simu. Ulikuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya faili?"

Jibu tamu lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

"Faili. Nilikuwa na shaka nawe. Nilikupenda na nilikuwa na shaka, vyote siku moja, kiti kimoja."

Kinyozi akalivuta daftari karibu. Akasaini.

"Ungesema kwa ajili yangu, ningechukua mkasi wangu nikaenda zangu." Akafunga kibegi. "Unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Hizo ni saa nyingi."

"Nenda, nitakuja."

"Ukija utakuja na maelezo mengine. Nakungoja hapahapa."

Akaenda kukaa kwenye benchi la walalamikaji, kati ya mzee aliyeibiwa baiskeli na majirani wawili wasiosemezana. Saa sita koplo wa zamu akamfikia na daftari lake.

"Wewe mama, una lalamiko?"

"Ninalo, tena kubwa," akamwonyesha kwa kidevu yule wa dirishani, aliyekuwa ameacha kazi yake na kuwatazama. "Lakini usiandike. Tutalimalizia nyumbani."