Kiganja cha Vidole Vitatu

Meza ya chakula ya akina Haskett ilianza kulowa. Si meza nzima, ni pahali pamoja tu, mbele ya kiti cha mkuu wa nyumba. Patience alipafuta, akageuka kupanga sahani kabatini, akakuta pamelowa tena. Maji yenyewe yalinuka lami na mwani uliooza. Akamlaumu paka, ingawa paka alikuwa amekufa tangu majira ya baridi.

Patience, mwalimu mstaafu, ndiye aliyefuatilia habari za ukoo. Na hawa watu wa pwani ya Connecticut, niwaambie ukweli, wanawapenda marehemu wao kuliko majirani zao. Fahari ya akina Haskett ilikuwa babu yao Eliphalet: askari wa vita vya Mapinduzi dhidi ya Waingereza, kisha baharia kwenye merikebu iliyowinda meli zao. Huko baharini, walisema, alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, vilivyogandia kwenye kamba yenye barafu. Kisa hicho kilisimuliwa kila Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akiwa mezani. Sasa chama cha wazao wa askari wa Mapinduzi kilikubali kuweka alama ya shaba kaburini pake, na Patience ndiye angetamka jina lake mbele za watu. Kichwa kilimvimba, tusidanganyane.

Asubuhi moja yale maji yakajichora: kiganja cha mkono wa kulia, dole gumba na vidole viwili. Kaka yake, Ambrose, mtu wa mzaha, akasema mzee amekuja kuonja pai. Wakacheka. Wakamwita Babu, wakamwachia kiti chake.

Lakini Babu hakukaa. Alama zilihamia kwenye kitasa cha mlango, kisha ngazini, kisha kwenye mto wa Patience. Siku moja akaikuta ukutani, juu ya meko, chini kabisa ya picha ya rangi ya Eliphalet mwenyewe, aliyochorwa uzeeni, mikono ikiwa juu ya Biblia. Patience akainua macho. Mikono yote miwili ilikuwa na vidole vyake, vinono, kamili. Miaka yote hiyo ukoo mzima ulisimulia kile kisa chini ya picha ile ile, na hakuna aliyewahi kutazama.

Akaenda kwa Shangazi Keziah, mkongwe wa ukoo. Bibi huyo aliposikia habari ya kiganja, aliomba mlango ufungwe kwanza.

"Huyo ni Quaco," alinong'ona. "Alikuwa mtumwa wa Eliphalet. Eliphalet alipoitwa vitani alimpeleka Quaco badala yake, akapigane kwa jina la Eliphalet. Akamwahidi akirudi atakuwa huru."

"Akarudi?"

"Akarudi, vidole vimekatika. Eliphalet akamuuza visiwa vya mbali, kwenye mashamba ya miwa. Hana hata kaburi, mwanangu. Mama aliniambia nikilisema hilo jina nje ya nyumba, mimi si wake tena."

Patience alirudi nyumbani akiona haya hata kuvuka kizingiti. Alimweleza Ambrose kila kitu, akasema kwamba kwenye sherehe atalitaja jina la Quaco. Ambrose, kwa mara ya kwanza maishani, hakutania.

"Dada, wanangu wanaitwa Haskett. Usituvue nguo hadharani."

"Na yeye je?"

"Yeye ameshakufa."

Hapo ndipo waliposikia nyayo, nyayo tupu zilizolowa, zikija taratibu ukumbini na harufu ya lami ikitangulia, zikapita jikoni, zikapita ngazi, zikasimama nje ya mlango wa chumba walimokaa, na hazikubisha wala hazikuondoka, ila zilitulia tu pale, kama mtu anayesikiliza anavyosemwa ndani na kungoja aone nani atamtetea, huku maji yakipenya chini ya mlango na kuufikia mguu wa Patience. Ambrose akatazama dirishani. Patience naye akauvuta mguu wake nyuma.

Siku ya sherehe jua liliwaka makaburini. Wanachama walivaa kofia za pembe tatu, bunduki za zamani mabegani. Wajukuu wa Ambrose walishika bendera. Patience akasimama mbele ya shaba mpya, jina la Quaco likiwa mdomoni kabisa, na akahisi kiganja baridi, cha vidole vitatu, kikitua mgongoni mwake. Hakikumsukuma. Kilikaa pale kwa upole, jinsi mzazi anavyomshika mtoto anayeogopa kusoma mbele za watu, na kiliendelea kukaa wakati yeye akiwatazama wale watoto, akimtazama kaka yake, akimtazama shangazi aliyekuwa akilia kimyakimya kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Eliphalet Haskett," alisema Patience.

Bunduki zikapigwa hewani. Watu wakashangilia, na Ambrose akamkumbatia kwa nguvu.

"Mbona mgongo umelowa?" aliuliza, akiutazama mkono wake.

Meza ya akina Haskett ni kavu tangu siku ile. Patience amebadili blauzi, amejisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka, lakini wapi, mgongo hulowa tena. Huvaa koti hata Julai, na akiulizwa husema anasikia baridi. Wajukuu wa Ambrose wakimkumbatia hujifuta mikono kwenye suruali, na yeye hujifanya hajaona. Lile jina bado hajalitamka.