Kiza Kilichotangulia

Vaileth wa Langley Park, rafiki yangu tunayelea naye watoto wa umri mmoja, alikwenda Wheaton kumchukua mwanawe kwa mlezi. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu tu jioni, lakini Desemba huku ughaibuni giza lishaingia, na nyumbani hakuna anayemsubiri, mumewe bado yuko Mwanza anangoja viza.

Gari alilipata kwa Dunstan wa kanisani, aliyemwambia, "Dada, taa hizi zina akili. Kwenye kona zinafuata usukani. Kukiwa na gari mbele, zinalikatia kiza pale lilipo tu, dereva wake asiumie macho, kwingine kote kweupe."

Kwenye barabara ya msituni, mtoto amelala nyuma, taa zikaacha kipande cha kiza mbele, kama vile kuna gari. Vaileth akatafuta gari, hakuna gari. Kiza tu, upana wa gari, kinakwenda mwendo wake. Akapunguza, nacho kikapunguza. Akazima redio, akasikia matairi yake na pumzi za mtoto, basi. Akampigia Dunstan.

"Kamera inayoziongoza taa imechafuka hiyo," Dunstan akacheka. "Ukifika ifute."

Kona ya kwao, kiza kikaikata kabla yake. Kikaingia kwenye maegesho, kikapita magari yote ya watu, kikasimama kwenye nafasi namba kumi na nne, ya Vaileth.

Akasimama nyuma yake, akazima injini, taa zikafa. Ndipo akasikia, pale mbele, mlango wa gari ukifungwa taratibu, kama anavyoufunga yeye kila siku, asimwamshe mtoto.